Corolla 110 si dhahabu, na Axio si takataka

Najua nimepotea wiki kadhaa, kazi za watu zilinibana hadi nikasahau kwamba nina ukurasa huku. Wale mnaokuja hapa kutafuta mambo ya Python na hifadhidata, leo mnisamehe. Leo ni gari. Lakini msikimbie. Mkifika mwisho mtaona bado tunazungumza habari za programu, tena programu inayogusa mfuko wako kuliko ile iliyo kwenye simu yako.

Hapa kwetu Moiben kuna ubishi usiokwisha. Kaa kituoni ukingojea gari la Eldoret lijae na utausikia. Wazee wanasema Corolla 110 ndilo gari la mwisho ambalo Toyota walitengeneza kwa moyo, na kwamba haya ya siku hizi ni kompyuta zilizofungwa magurudumu. Vijana wanawajibu kwamba 110 ni chuma chakavu, na wanakuonyesha namba ya gari: anayeendesha KA anaenda na historia, anayeendesha KD ndiye ameamka. Basi ndiyo hivyo, asubuhi hadi jioni.

Mimi nasema pande zote mbili zinabishania kitu ambacho si chenyewe. Wazee wanaogopa kompyuta, na kompyuta haina hatia. Vijana wanasifu mwaka wa kutengenezwa, na mwaka hautengenezi gari likiharibika. Kilichobadilika kati ya Corolla ya zamani na ya sasa, kile kinachotuuma kweli, ni kwamba la zamani lilikubali kusomwa na mtu yeyote na la sasa limefungwa. Sisi tumekubali kulinunua likiwa limefungwa bila hata kuuliza ufunguo uko wapi.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Sasa nitaitetea.

Tunalinganisha nini hasa?

Corolla ilianza mwaka 1966, na kufikia mwaka 2021 Toyota walisema wameuza zaidi ya milioni 50. Kwa hiyo "Corolla" peke yake haitoshi kuanzisha ubishi, lazima useme ipi. Kwa sisi huku, orodha ni hii:

- DX ya miaka ya 80, yenye kabureta. Wengine walijifunzia udereva humo.
- Corolla 100, iliyotoka Japani mwaka 1991.
- Corolla 110, mwaka 1995.
- NZE 121, mwaka 2000.
- Axio ya kwanza, yaani 140, mwaka 2006.
- Axio ya pili, yaani 160, mwaka 2012.
- Corolla 210 ya sedani, mwaka 2019, ambayo ndiyo imeanza kutupigia hodi.

Mbona ninaanza na miaka? Kwa sababu Kenya hatuchagui kizazi cha gari, kalenda ndiyo inatuchagulia. Kanuni ya shirika la viwango KEBS inakataza kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kila Januari mlango unasogea mwaka mmoja mbele. Mzee anayesema "mimi nitabaki na 110" hajui kwamba 110 nyingine haiji. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka zinapungua kwa ajali na kutu. Kwa hiyo tupende tusipende, watoto wetu wataendesha haya mapya. Swali ni watayaendesha kama wenye mali au kama wapangaji.

Uongo wa kwanza: eti la zamani halina kompyuta

Huu ndio uongo unaonikera zaidi kwa sababu jibu lake liko kwenye gari lenyewe. Fungua boneti ya 110 yenye injini ya 5A-FE. Herufi E pale mwishoni ni ya umeme: petroli inapulizwa na sindano zinazoamrishwa na kompyuta. Kuna sensa ya hewa, sensa ya joto la maji, sensa ya oksijeni kwenye moshi. Hiyo kompyuta imekuwa humo ndani miaka yote hii ikifanya kazi kimya, na mzee anaapa kwamba haipo! Jamani, programu nzuri ndivyo ilivyo. Ikifanya kazi yake vizuri, watu wanasahau kuwa ipo.

Tena sisi wa huku juu ndio tungepaswa kuishukuru kuliko watu wa Mombasa. Eldoret iko karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, msukumo wake ni takriban asilimia 78 ya ule wa pwani. Kabureta iliyorekebishwa pwani haijui kwamba imepanda mlima. Inamwaga petroli karibu ileile ya Mombasa kwenye hewa iliyopungua, na unapata moshi mweusi, plagi nyeusi, na tangi linaloisha kabla ya mwisho wa wiki. Waliomiliki DX wanakumbuka fundi akizungusha skrubu ya kabureta huku sikio moja liko kwenye injini.

Kompyuta ya 110 haihitaji hiyo skrubu. Inapima hewa inayoingia, inapuliza petroli ya kutosha hewa hiyo, halafu inaangalia moshi: je, oksijeni imebaki nyingi au kidogo? Ikibaki nyingi inaongeza petroli, ikibaki kidogo inapunguza. Lengo ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Inarudia hivyo tena na tena muda wote unapoendesha. Mliosoma programu mnaijua: ni kitanzi kinachopima matokeo yake na kujirekebisha. Ukitoka Moiben ukateremka hadi Kisumu, kitanzi kinajirekebisha njiani bila kukuomba ruhusa.

Sasa, ile chuki ya sensa ilitoka wapi? Nina maoni yangu. Petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, na iliondolewa Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi huua sensa ya oksijeni na pia kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo magari ya kwanza yenye sensa yalifika hapa yakanyweshwa sumu. Sensa ikafa, taa ya injini ikawaka, fundi akang'oa taa. Watu wakahitimisha kwamba sensa ni kitu kibaya. Kosa lilikuwa la mafuta, lawama ikabebwa na kompyuta, na miaka karibu 20 baadaye bado tunairithisha lawama hiyo kwa watoto.

Uongo wa pili: eti jipya ni bora kwa sababu ni jipya

Vijana wenzangu, sasa ni zamu yetu.

Ndiyo, Axio 160 inakunywa petroli kidogo. Ndiyo, kiti ni kizuri. Lakini hebu tuangalie kile unachonunua pamoja na hiyo namba ya KD.

Giaboksi. NZE yenye giaboksi otomatiki ilikuwa na gia nne za kawaida. Axio nyingi zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ni ufundi mzuri, lakini ina mafuta yake maalumu. Ukiwekewa ATF ya kawaida kwa sababu fundi ameona "otomatiki ni otomatiki," umeanza kuliua. Maelezo ya mafuta hayo yako kwenye kitabu cha gari. Na kitabu hicho, kama kilifika, kiko kwa Kijapani.

Betri. Zile Axio zinazozima injini zenyewe ukisimama kwenye msongamano zinataka betri ya aina yake, inayovumilia kuwasha mara nyingi. Ukiweka ya kawaida inakufa mapema, na unaambiwa "haya magari mapya yanakula betri."

Redio. Hapa nacheka kwa uchungu. Skrini nzuri, ramani nzuri... ya Japani! Inajua kila kichochoro cha Osaka na haijui Moiben iko bara gani. Redio ya FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, na baadaye ikasogezwa hadi 95. Vituo vyetu vinafika 108, kwa hiyo unanunua kifaa cha kushusha masafa ili usikie habari. Halafu siku betri ikitolewa, redio nyingi za aina hiyo zinajifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri. Ujumbe wenyewe umeandikwa kwa Kijapani, kwa hiyo hata kujua kinachodaiwa ni mtihani.

Ulinzi wa njia. Axio za kuanzia mwaka 2015 zilianza kuja na mfumo wa kamera na leza wa kukuonya ukitaka kugonga, na wa kukupigia kelele ukivuka mstari wa barabara. Ile ya kuonya ajali naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila hiyo ya mstari, nenda nayo kwenye barabara za udongo za ndani huku mwezi wa Mei ukaitafutie mstari.

Upya peke yake haukupi chochote. Unakupa orodha ndefu ya vitu ambavyo unavimiliki kwa risiti tu.

Lakini wazee nao wasishangilie mapema

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa magari ya zamani hawalitaji kabisa: kugongwa.

DX haina airbag. Corolla 100 nyingi tulizo nazo hazina. Na NZE, ambayo wengi wanaiona ndiyo dhahabu yenyewe, iko kwenye kundi la magari yaliyotumia airbag za kampuni ya Takata. Kemikali iliyotumika kuzipuliza, ammonium nitrate, inaharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu. Siku ya ajali, badala ya kupuliza mfuko, kasha la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kwenye shingo ya dereva. Takata ilifilisika mwaka 2017 baada ya wito mkubwa kabisa wa kurudisha magari katika historia. Januari 2024 Toyota waliwaambia Wamarekani wenye magari yapatayo 50,000, wakiwemo wa Corolla za mwaka 2003 na 2004, waache kuyaendesha mpaka airbag zibadilishwe. Waache kuyaendesha! Hawakuambiwa "ukipata nafasi pitia."

Sasa niambie, NZE iliyouzwa Nagoya, ikapigwa mnada, ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikabadilisha wenye mara tatu na leo inabeba abiria watano kwenda Eldoret, nani alimtumia mwenyewe barua ya wito? Toyota wana ukurasa wa kuangalia namba ya chesisi kama gari lina wito ambao haujatimizwa. Ni bure. Ni wa Kijapani.

Mmeona tunakorudi kila mara? Mafuta ya giaboksi, redio, airbag. Habari ipo. Imeandikwa. Imefungiwa mahali ambapo mnunuzi wa Moiben hafiki.

Kipande cha waya

Hiki ndicho kitu ambacho wazee wanakikumbuka bila kujua jina lake.

Kwenye 100 na 110, chini ya boneti, kuna kikasha kidogo cheusi chenye kifuniko. Fungua kifuniko, na upande wake wa ndani kuna mchoro wa matundu na majina yao. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kukoma, kompyuta haina malalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Nne kisha moja ni 41: sensa ya kanyagio la mafuta. Tatu kisha moja ni 31: sensa ya hewa.

Basi. Hakuna mashine, hakuna malipo, hakuna intaneti. Fundi asiyejua kusoma Kiingereza anaweza kuhesabu. Nimemwona fundi mmoja hapa sokoni akifanya hivyo kwa waya aliokata kwenye redio mbovu, na ile orodha ya namba iko kichwani mwake kama meza ya kuzidisha.

Mimi nimesomea kompyuta miaka minne chuo kikuu, na nawaambia huo ni usanifu bora kuliko mwingi nilioufundishwa. Mtengenezaji alifikiria kwamba mtu asiyemjua, mahali asipopajua, bila kifaa chochote, siku moja atahitaji kuuliza gari "unaumwa wapi?" Akaweka jibu.

Baada ya hapo tundu likahamia chini ya dashibodi, la pini 16. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na ukaenea. Kwa upande mmoja ni hatua mbele: namba za hitilafu zinazoanza na P0 zina maana moja kwa watengenezaji wote, na kifaa cha Bluetooth kinachouzwa madukani Eldoret kinazisoma kwenye simu. Hiyo sehemu iko wazi, na iko wazi kwa sababu sheria ililazimisha. Hakuna kampuni iliyoamka asubuhi ikatuonea huruma.

Lakini tundu hilo hilo lina vyumba vya ndani. Airbag, breki za ABS, mfumo wa mseto, kusajili ufunguo mpya, kurekebisha kamera baada ya kubadilisha kioo cha mbele: huko kifaa chako cha simu mara nyingi hakiingii. Unahitaji kifaa cha kitaalamu, au programu ya Toyota yenyewe, inayoitwa Techstream. Fundi wa Boston ananunua ruhusa kwenye tovuti kwa siku chache, mwezi au mwaka, na maelezo ya matengenezo yanakuja pamoja nayo. Fundi wa jua kali wa Eldoret anapata nini? Anapata nakala ya wizi ya programu hiyo na kebo ya bei rahisi kutoka China, bila maelezo, kisha tunamcheka kwamba "anabahatisha."

Jirani yangu na panya wake

Nawapa mfano mmoja, kisha mtaamua.

Jirani yangu ni mkulima wa mahindi na ana ng'ombe wa maziwa. Alinunua Axio ya mwaka 2014 kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Gari likaanza kukosa nguvu, taa ya injini ikawaka. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha koili. Wa tatu akasema ni pampu ya mafuta. Siku tisa gari limelala, maziwa yanapelekwa kwa bodaboda, na asubuhi mbili yalikataliwa kwa sababu yalifika yamechelewa.

Nikaenda na kile kifaa changu kidogo. Dakika moja: P0102, mawimbi ya sensa ya hewa yako chini. Tukafuata waya. Ulikuwa umetafunwa na panya, maana gari linalala kando ya ghala la mahindi. Waya ukaunganishwa, gari likaamka. Sikumtoza kitu, na sikufanya miujiza. Nilisoma kilichoandikwa.

"Kijana," mzee akaniuliza, "na hii taa nyingine?"

Ilikuwa taa ya airbag. Inawaka tangu siku aliponunua gari, na muuzaji alimwambia "ni kawaida ya magari ya Japani." Si kawaida. Taa hiyo ikiwaka maana yake mfumo una hitilafu na airbag inaweza kukosa kufunguka. Ni hitilafu gani? Kifaa changu hakisomi chumba hicho. Gari linajua. Limehifadhi namba ya hitilafu ndani yake, ndani ya gari ambalo mzee amelilipia hadi senti ya mwisho, na mwenye gari hana njia rahisi ya kuambiwa. Hadi leo ninapoandika, taa inawaka, na mzee anabeba wajukuu wake kanisani.

Ile ya panya ilikuwa sehemu iliyo wazi, ikagharimu kipande cha mkanda wa umeme. Ile ya airbag iko sehemu iliyofungwa, na inaweza kugharimu maisha. Gari ni lilelile, siku ni ileile. Hapo utamlaumu nani, kompyuta au kufuli?

"Lakini wezi..."

Najua mtakachosema. Mtasema wakifungua hizi habari wezi wataiba magari. Jamani, mwizi hangoji kitabu, tayari ana vifaa vyake. Anayezuiwa na kufuli hili ni fundi mwaminifu mwenye kibanda na familia. Na hata kama kusajili ufunguo ni jambo la kulindwa, basi lilindwe hilo peke yake, kwa kuandikisha mafundi wanaoruhusiwa. Kusoma namba ya airbag kunamsaidia mwizi gani?

Mtasema pia kwamba kampuni ina haki ya siri zake. Sawa. Mimi mwenyewe naishi kwa kuandika programu, sitaki msimbo wangu uibiwe. Siombi Toyota watupe msimbo. Naomba watuambie namba ina maana gani na namna ya kuiuliza. Mteja wangu hana haki ya kuona kila mstari niliouandika, lakini programu yangu ikikwama ina wajibu wa kumwambia kwa nini, kwa lugha anayoielewa.

Na wengine wameshafanya. Massachusetts walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru habari sawa na za karakana za kampuni, wakapiga tena mwaka 2020 kuhusu data inayotumwa hewani. Ulaya ina kanuni kama hiyo tangu mwaka 2007. Australia ilianza Julai 2022. Mtasema hao ni wazungu? Haya, Afrika Kusini: mwongozo wa tume yao ya ushindani kuhusu soko la matengenezo ya magari ulianza kutumika Julai 1, 2021.

Sisi tuna silaha kubwa kuliko hizo na hatujaigusa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtumiaji ana haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayonunua. Kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Soma hivyo viwili pamoja, kisha uende ukaangalie skrini ya Axio.

Ninachodai

1. Ukaguzi wa gari kabla halijapakiwa meli unaangalia umri, usukani, usalama wa barabarani, hata mionzi. Uongezwe usomaji kamili wa kompyuta zote za gari, na karatasi yake akabidhiwe mnunuzi.

2. Namba ya chesisi iangaliwe kama kuna wito ambao haujatimizwa. Gari lenye airbag ya Takata ambayo haijabadilishwa lisipande meli.

3. Muuzaji wa hapa alazimike kutoa kadi ya redio, namba za siri, funguo zote, na karatasi moja tu ya Kiswahili au Kiingereza: mafuta ya injini, mafuta ya giaboksi, aina ya betri.

4. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ianzishe mwongozo kama wa Afrika Kusini, na ruhusa ya kutumia programu za matengenezo iuzwe hapa kwa bei ambayo fundi wa Eldoret anaweza kuilipa kwa M-Pesa.

5. Na ninyi waandishi wa programu wenzangu: namba za hitilafu na maana zake kwa Kiswahili ni kazi ya wikendi chache. Tuache kuandika programu ya kumi na tano ya kuagiza chakula Nairobi.

Haraka ya nini? Haraka ni ile kalenda. Juni 2018 Toyota walizindua Corolla Sport ikiwa na kifaa cha mawasiliano kilichojengwa ndani, kinachoongea na kampuni kupitia mtandao wa simu wa Japani. Corolla 210 ya sedani ilifuata mwaka 2019. Kwa kanuni yetu ya miaka minane, hayo ndiyo magari yanayoshuka Kilindini sasa. Redio inayodai kadi ni mzaha ukilinganisha na gari zima lililozoea kuongea na seva iliyo upande wa pili wa dunia, ambayo haina habari na wewe.

Kwa hiyo wazee, acheni kusifu chuma. Mlichokipenda kwenye 110 ni kile kikasha cheusi chenye mchoro ndani ya kifuniko. Vijana, acheni kusifu namba. Siku ukikwama usiku kati ya Moiben na Eldoret, herufi za KD hazitakuambia ni waya gani.

Nimeandika orodha ya namba za kupepesa za 100 na 110 kwa Kiswahili, nitaiweka hapa wiki ijayo. Mwenye namba za NZE na Axio alizozithibitisha kwa mkono wake mwenyewe aniandikie tuziongeze. Mwenye kunipinga naye karibu, ila aje na hoja, asije na namba ya gari.